Kitanda Usichokilalia

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu apendaye kuhukumu mambo ya nyumba ya jirani. Mimi nataka kuitumia hapa kwa jambo jingine, nalo ni kazi ya vijana wa shule na vyuo wanaobuni vyombo vya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Kazi hiyo ina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na katika historia hiyo fundisho moja hurudi tena na tena: chombo hakimfai mtu ikiwa mtu mwenyewe hakuulizwa.

Nitaanza na kosa langu. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Mwaka mmoja wanafunzi wangu wa jiografia walitaka kuwatengenezea ramani ya Kenya watoto wa shule moja ya wasioona. Wazo hilo lilinipendeza, na tukafanya kazi kwa bidii majuma matatu. Tulipiga randa ubao, tukagandisha kamba nyembamba ya katani juu ya kila mpaka na kila mto, kisha tukazipaka kamba hizo rangi: mito buluu, mipaka nyekundu. Kila aliyeiona ramani ile aliisifu. Tulipoifikisha shuleni, msichana wa miaka kama kumi na mitatu aliombwa awe wa kwanza kuisoma kwa vidole vyake. Aliipapasa polepole, kutoka Turkana hata pwani, asiseme neno. Hatimaye akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kamba hii ni mto au ni mpaka?"

Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumetofautisha mito na mipaka kwa rangi, na kwa rangi tu. Darasa zima la watu wenye macho lilifanya kazi majuma matatu wala halikuliona kosa hilo. Mtoto mmoja asiyeona aliligundua kwa dakika mbili. Tulirudi chuoni tumeinamisha vichwa. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu waliotutangulia katika kazi hii, nami nimeona kwamba kosa letu ni la zamani sana, na dawa yake pia ni ya zamani.

Twende kwanza Ufaransa. Katika miaka ya 1780 mtu mmoja jina lake Valentin Haüy alianzisha mjini Paris shule ya watoto wasioona, shule ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake duniani. Katika siku hizo kipofu maskini wa Ulaya alikuwa hana kazi ila kuombaomba, na mwanafunzi wa kwanza wa Haüy, François Lesueur, alikuwa kijana mwombaji. Haüy aliona kwamba kijana huyo aliweza kuzitambua kwa vidole herufi zilizoinuka juu ya karatasi. Basi akatengeneza vitabu vyenye herufi kubwa za mwinuko, zilizopigwa chapa juu ya karatasi iliyoloweshwa maji. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kabla yake watu wengi hawakuamini kwamba kipofu aweza kusoma hata kidogo.

Walakini vitabu vile vilikuwa na kasoro. Haüy alikuwa mtu mwenye macho, na herufi alizozichagua zilikuwa herufi za macho. Alichofanya ni kuzichukua herufi zile zile tuzisomazo sisi, akazikuza na kuziinua. Jicho huiona herufi nzima mara moja. Kidole hakina budi kuizunguka, kikiufuata kila mstari na kila pindo, ndipo kijue kama ni o au ni c. Mwanafunzi alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha sahau mwanzo wake. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, tena vichache. Na lililo baya zaidi, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa herufi hizo. Aliweza kusoma maneno ya wengine kwa taabu, lakini hakuwa na njia ya kuyaweka maneno yake mwenyewe.

Katika shule hiyo aliingia mwaka 1819 mtoto wa miaka kumi aitwaye Louis Braille. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Siku moja, Louis alipokuwa na umri wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya baba yake, akachezea chuma kikali cha kufanyia kazi ya ngozi, nacho kikamchoma jicho. Jicho lile likafanya usaha, na ugonjwa ukahamia jicho la pili. Alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Wazazi wake hawakumficha nyumbani. Alisoma katika shule ya kijiji pamoja na watoto wenye macho, akayashika masomo kwa kusikiliza, hata wakubwa wa kijiji wakaona inafaa apelekwe Paris.

Mwaka 1821 shule ile ililetewa maandishi ya namna mpya. Aliyeyabuni alikuwa Charles Barbier, aliyekuwa zamani ofisa wa mizinga katika jeshi. Maandishi ya Barbier hayakuwa na mistari. Yalikuwa ya nundu ndogo ndogo tu, yaani nukta zilizotobolewa kwa ncha ya chuma juu ya karatasi nene. Kila alama ilikuwa na safu mbili za nukta, na kila safu yaweza kuwa na nukta sita. Wanafunzi walipozigusa nukta zile walifurahi mno. Kidole, ambacho husumbuka kuufuata mstari, huitambua nukta upesi sana. Zaidi ya hayo, kwa mara ya kwanza waliweza kuandika wenyewe, kwa ubao wenye mifuo na kalamu ya chuma.

Hapo ndipo sehemu ya historia hii inayotuhusu ilipoanza. Wanafunzi waliyatumia maandishi ya Barbier, na kwa kuyatumia wakayajua kunguni wake. Kwanza, alama yenye nukta kumi na mbili ni ndefu kuliko ncha ya kidole. Msomaji hulazimika kupandisha na kushusha kidole juu ya kila alama, na mwendo wa kusoma hukatika. Pili, Barbier aliandika sauti, hakuandika herufi, kwa hiyo mwanafunzi hakuweza kujifunza kuandika maneno kama yaandikwavyo vitabuni. Tatu, hapakuwa na vituo, wala tarakimu, wala alama za muziki. Nao vijana wengi wa shule ile walitegemea kupata riziki kwa kupiga kinanda makanisani. Barbier alikusudia mema: alitaka njia nyepesi kwa watu wasioweza kukaa shuleni muda mrefu. Lakini vijana hawa walikuwa shuleni hasa, na walitaka kusoma kama wasomavyo wengine.

Louis Braille alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Alianza kuzipunguza na kuzipanga upya nukta za Barbier, akifanya kazi wakati wenzake wamelala na wakati wa likizo huko Coupvray. Hakuhitaji kwenda mbali kutafuta watu wa kumpima kazi yake. Bweni zima lilikuwa na vidole kama vyake. Mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha.

Yafaa tuutazame kidogo utaratibu wake, maana uzuri wake u katika urahisi wake. Kila alama ni nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, na ncha ya kidole huzifunika zote kwa mguso mmoja. Kwa kuziacha nyingine na kuziinua nyingine, hupatikana alama 63. Herufi kumi za kwanza, tangu a mpaka j, hutumia nukta nne za juu peke yake. Herufi a ni nukta moja ya juu upande wa kushoto. Ukiiongezea nukta ya chini ya upande ule ule unapata k. Ukiongeza na ya chini ya upande wa kulia unapata u. Hivyo mwanafunzi akizijua herufi kumi amekwisha pata ufunguo wa zilizobaki. Tarakimu ni zile zile herufi kumi zikitanguliwa na alama yake. Muziki nao ukapata alama zake katika nukta sita hizo hizo.

Kuna herufi moja tu isiyofuata mpango huo, nayo ni w. Sababu ni kwamba Kifaransa cha siku zile hakikuwa na haja nayo, kwa hiyo iliongezwa baadaye, ikatafutiwa mahali pembeni. Mwanafunzi wa Kiswahili afikiri kidogo juu ya jambo hilo. Sisi hatuwezi kuandika "watoto wawili wanacheza" bila herufi hiyo. Hata mbunifu aliyekuwa mwenyewe mtumiaji hakuweza kuwafikiria wote ambao hawakuwa karibu naye. Asiyekuwapo barazani haja yake husahauliwa, hata pasipo nia mbaya.

Mwaka 1829 Braille alikitoa kitabu chake cha kwanza cha kueleza maandishi hayo. Katika kitabu hicho alimshukuru Barbier, akasema kwamba ni kwa njia ya Barbier alipata wazo lake la kwanza. Katika chapa ile ya mwanzo baadhi ya alama zilichanganya nukta na vistari. Lakini vistari vilikuwa vigumu kuandika kwa kalamu ya chuma. Chapa ya pili ilipotoka mwaka 1837, vistari viliachwa, zikabaki nukta peke yake. Tazameni basi: kutoka mwanzo wa kazi hata ukamilifu wake ilipita zaidi ya miaka kumi, na katika miaka hiyo yote kazi ilikuwa mikononi mwa wale wale walioitumia kila siku. Mwaka 1833 Braille alifanywa mwalimu wa shule hiyo, pamoja na rafiki zake wawili wasioona, Gabriel Gauthier na Hippolyte Coltat.

Wala hakuishia hapo. Wanafunzi wake walikuwa na wazazi nyumbani, na wazazi hao hawakujua kusoma nukta. Mtoto aliyetaka kumwandikia mama yake barua alilazimika kumwambia mtu mwingine siri zake zote ili amwandikie. Kwa sababu hiyo, mwaka 1839 Braille alitangaza njia nyingine, ya kuchora kwa nukta nyingi herufi za kawaida ambazo mtu mwenye macho aweza kuzisoma. Njia ile ilikuwa ya polepole. Ndipo Pierre Foucault, mtu asiyeona aliyesoma katika shule iyo hiyo, akatengeneza mashine ya kuziandika nukta hizo upesi zaidi. Hivyo vipofu wawili walifanya chombo ili wapate kusema na watu wenye macho, miongo mingi kabla ya mashine za kupigia chapa kuenea maofisini.

Mtu angedhani kwamba dunia iliipokea kazi hiyo kwa shangwe. Haikuwa hivyo. Mwaka 1840 shule ile ilipata mkuu mpya, Pierre-Armand Dufau, naye hakuyapenda maandishi ya nukta. Alileta herufi nyingine za mwinuko zilizofanana na herufi za kawaida. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu: alihofu kwamba vipofu wakiwa na maandishi yao peke yao watajitenga na watu wengine. Walimu wenye macho pia hawakupenda kujifunza alama ngeni. Lakini hoja hiyo, hata ikisikika vizuri namna gani, ilikuwa hoja ya mtu aliyesoma kwa macho. Wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa nukta kwa siri. Hakuna amri iwezayo kumfanya mtu asahau kitu kilichomfungulia mlango.

Msaidizi wa mkuu huyo, Joseph Guadet, aliona yaliyokuwa yakitendeka, naye akawa na hekima ya kukubali ushahidi. Mwezi wa Februari 1844, jengo jipya la shule lilipofunguliwa, maandishi ya nukta yalielezwa na kuonyeshwa mbele ya watu wote. Tangu hapo Dufau mwenyewe aligeuka. Louis Braille alikuwa amekwisha dhoofishwa na kifua kikuu. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake, maandishi yake yalikubaliwa rasmi katika shule aliyoitumikia. Miaka mia baada ya kufa kwake, mwaka 1952, mwili wake ulihamishiwa Panthéon mjini Paris, mahali wanapozikwa mashujaa wa taifa lile.

Nchini Uingereza wakati huo mambo yalikuwa fujo. Palikuwa na namna kadhaa za maandishi ya mwinuko, kila moja na wafadhili wake na vitabu vyake. Kipofu aliyejifunza namna moja hakuweza kusoma kitabu cha namna nyingine. Kila mbunifu alikisifu chake, na wengi wao walikuwa watu wenye macho. Ndipo alipotokea daktari mmoja wa London, Thomas Rhodes Armitage, aliyepungukiwa na nguvu za macho hata akaacha udaktari. Mwaka 1868 yeye na wenzake waliunda baraza la kuchagua maandishi yaliyo bora. Kanuni zao zilikuwa hizi: mjumbe awe kipofu asomaye kwa vidole, ajue angalau namna tatu za maandishi, na asiwe na faida ya fedha katika namna yoyote. Baada ya kupima karibu miaka miwili walichagua maandishi ya Braille. Naona kanuni hizo zastahili kuandikwa juu ya mlango wa kila karakana. Hakimu wa chombo ni mwenye kukitumia, tena awe amejaribu zaidi ya kimoja, na mkono wake usiwe na rushwa.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya karne iliyopita kabla ya mwisho, na ya vipofu tu. Basi na tutazame chombo kingine, kiti cha magurudumu, ambacho habari zake zinafika mpaka kwetu.

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja wa chuo nchini Marekani, Ralf Hotchkiss, alianguka na pikipiki, akapooza miguu. Alipopewa kiti cha magurudumu aliona mara moja kwamba kimetengenezwa kwa sakafu laini ya hospitali, si kwa njia za ulimwengu. Alikuwa na akili ya ufundi, akaanza kukibadili. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akawakuta vijana wenye ulemavu waliokuwa wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Hakuwaletea viti kutoka kwao na kuondoka. Alikaa nao, wakabuni pamoja kiti kiwezacho kutengenezwa kwa vyuma vipatikanavyo mjini na kuchomelewa na fundi wa kawaida. Tangu hapo alizunguka nchi nyingi akifanya kazi na mafundi ambao wengi wao wenyewe walitumia viti hivyo, na akawafundisha wanafunzi wa chuo kikuu huko San Francisco. Hakuwa akipeleka maarifa tu, aliyapokea pia. Gurudumu dogo la mbele lililo pana, la mpira, lisilozama mchangani, lilitoka kwa mafundi wa Zimbabwe, nalo huitwa gurudumu la Zimbabwe.

Mwaka 2005 mwanafunzi mwingine wa Marekani, Amos Winter wa chuo cha ufundi cha MIT, alikuja Tanzania kutazama hali ya viti vya magurudumu. Aliambiwa jambo ambalo sisi sote tunalijua: nyumbani kwa mtu na shuleni au sokoni kuna mwendo mrefu wa matope, mchanga, mawe na vilima. Kiti cha hospitali hakiendi huko. Baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu huenda mbali, lakini haiingii mlangoni. Yeye na wanafunzi wenzake wakabuni kiti chenye nyenzo mbili ndefu, moja kila mkono. Ukishika wenzo juu unapata nguvu ya kupanda kilima. Ukiushika chini unapata mwendo wa haraka. Minyororo na magurudumu yake yalikuwa ya baiskeli, kwa sababu hakuna kijiji kisicho na fundi wa baiskeli.

Mwaka 2009 walivileta viti hivyo Afrika Mashariki vijaribiwe na wenyewe. Katika hesabu za wanafunzi kila kitu kilikuwa sawa. Watumiaji walivijaribu, kisha wakasema kweli: kiti ni kizito mno, na ni kipana, ndani ya nyumba kinasumbua. Hapo vijana wale walikuwa na njia mbili. Wangeweza kusema, kama wasemavyo wabunifu wengi, kwamba watu hawajakizoea. Wao walirudi mezani, wakakipunguza uzito na upana, na mwaka 2010 wakakipeleka Guatemala kikajaribiwe tena. Ndivyo kilivyopatikana kiti kilichofaa njiani na nyumbani. Watu wa kwetu katika habari hiyo hawakuwa wapokeaji wa sadaka. Walikuwa walimu, na wanafunzi wa chuo kikubwa walikuwa darasani kwao.

Je, maana yake ni kwamba mtu asiye na ulemavu hana kazi hapa? Sivyo. Bila ya Haüy kusingekuwa na shule. Bila ya Barbier kusingekuwa na nukta. Bila ya Guadet, maandishi ya nukta huenda yangebaki siri ya bweni miaka mingi zaidi. Kila mmoja wa hao alikuwa na macho, na kila mmoja alileta tofali lake. Tofauti ni hii: kazi zao zilizaa matunda pale zilipowekwa mikononi mwa wenye haja, na zilikwama pale mwenye elimu alipodhani kwamba elimu yake yatosha. Fundi ana ujuzi wa chuma na mbao; mtumiaji ana ujuzi wa maisha yake. Ujuzi huo wa pili haupatikani maktabani.

Tena kuuliza mara moja hakutoshi. Yuko mbunifu aulizaye kwa ajili ya kupata sifa ya kuuliza, kisha akaenda akafanya alivyokusudia tangu mwanzo. Kuuliza kwa kweli kuna hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kusikiliza kabla ya kushika msumeno. Ya pili ni kurudi na kitu ambacho bado hakijakamilika, ili mwenyewe akikosoe kabla hujakipenda mno. Ya tatu, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni kukubali kukivunja. Braille aliviacha vistari vyake. Wanafunzi wa MIT walikipunguza kiti chao. Asiyeweza kukivunja alichokitengeneza anaitumikia fahari yake, hamtumikii jirani.

Nayasema haya kwenu ninyi wanafunzi wa Kenya kwa sababu kazi hiyo iko mbele yenu. Nchi yetu imekuwa na shule ya wasioona huko Thika tangu mwaka 1946, na leo watoto wenye ulemavu wamo katika shule nyingi, pengine hata katika darasa lako. Kila mwaka vijana wa shule zetu hupeleka uvumbuzi wao katika maonyesho ya sayansi, na miongoni mwake hukosekani fimbo za vipofu, viti na vyombo vya viziwi. Napenda sana kuvitazama. Lakini siku hizi, kijana anaponieleza jinsi chombo chake kifanyavyo kazi, swali langu la kwanza huwa moja: "Ni nani aliyekitumia, na alikwambia nini?" Wengine hunyamaza, kama tulivyonyamaza sisi.

Nimalize habari ya ramani yetu. Juma moja baada ya aibu ile tulirudi katika shule ya wasioona bila ubao wala gundi. Tulikaa chini ya mti na yule msichana na wenzake, tukawauliza. Walituambia mambo ambayo hatukuyafikiri. Mito iwe ya uzi laini unaokwenda bila kukatika, na mipaka iwe ya shanga, ili kidole kihesabu. Maziwa yawe ya kitambaa, bahari iwe ya kitambaa cha namna nyingine. Milima isiwe mirefu mno, maana huzuia mkono. Majina yaandikwe kwa breli, tena yasiwe mengi. Mvulana mmoja alisema ubao ule ni mkubwa kuliko upana wa mikono yake, na mtu hawezi kuijua nchi asiyoweza kuikumbatia. Basi tukaupunguza.

Ramani ya pili haikuwa nzuri kwa macho. Shanga zilikuwa za rangi mchanganyiko, zilizobaki dukani, na vitambaa vilitoka kwa fundi cherehani. Tulipoiweka mezani, yule msichana aliianza tena Turkana, akaufuata mto Turkwel, akavuka shanga, akarudi, akashuka na mto Tana mpaka baharini. Safari hii hakuuliza kama ni mto au ni mpaka. Aliuliza, "Shule yetu iko wapi?"

Hatukuwa tumeitia. Mwanafunzi wangu mmoja alichukua kipini kidogo, akampa, naye akamwelekeza palipo mji wake. Akakichoma mwenyewe. Ramani ile ingali ukutani katika shule yao, na kipini kingalipo. Wageni wenye macho huipita bila kuitazama. Watoto wa shule ile hawaipiti, na shanga zake zimeng'aa kwa kuguswa.